Kata Kutoka Chini

Palikuwa na nchi moja, na ipo mpaka leo, ila jina lake tuliache lilale, maana kule hata kuta husoma magazeti. Nchi hiyo ilikuwa na Waziri Mkuu mmoja, mawaziri thelathini na tisa, wabunge mia nne, na Mhariri mmoja. Wageni wakifika hupenda kuuliza nani anaitawala. Wenyeji huwapeleka kwanza kwenye jengo jeupe lenye bendera, wapige picha zao waridhike. Halafu huwapeleka mtaa wa pili, kwenye jengo la gazeti la Zumari, wakawaonyesha foleni.

Foleni hiyo ilianza saa tatu asubuhi, ikapanda ngazi mpaka ghorofa ya tano, na waliopanga walikuwa mawaziri. Kila mmoja alikuwa na faili kwapani na tabasamu la akiba. Mhariri Mkuu, Bwana Sefu Mwinyigogo, hakuwahi kugombea uchaguzi hata siku moja, na hakuwahi kushindwa hata siku moja. Mawaziri wakuu watano walishapita mbele ya meza yake, wawili kati yao wakilia. Waziri wa Elimu alipata habari kwamba amejiuzulu alipofungua ukurasa wa nne huku anapiga mswaki. Akasukutua, akaandika barua ya kujiuzulu, akaitia tarehe ya jana ili gazeti lisionekane limekosea. Bajeti ya mwaka ule ilichelewa siku nane kwa sababu Mhariri alikuwa anaumwa jino. Bunge lilifunguliwa kwa dua, wimbo wa taifa na tahariri, na wakati wa tahariri tu ndipo hakuna mbunge aliyesinzia.

"Mimi ni nani hata mniogope?" Bwana Mwinyigogo alipenda kusema kila Jumanne, siku ambayo Waziri Mkuu huja kula naye chakula cha mchana. "Mimi si serikali. Mimi ni sikio tu. Umma husema, mimi husikia, wewe hutenda. Hebu nisogezee chumvi."

Waziri Mkuu, Dokta Pazi Lugome, akamsogezea chumvi pamoja na Wizara ya Uvuvi.

Sasa sikio lenyewe la Mhariri lilikuwa ghorofa ya chini, jirani na choo, na jina lake ni Hemedi Ngwali. Bwana Hemedi alikuwa mkuu wa meza ya barua za wasomaji, na kwa kuwa pale mezani alikuwa peke yake, alikuwa pia mtumishi wa huyo mkuu. Miaka kumi na tisa alikuwa kwenye kiti kilekile, na miaka yote hiyo hakuwahi kutulia juu yake. Akikaa, goti linacheza. Akisimama, anatafuta pa kukaa. Zana zake zilikuwa mbili, mkasi na rula ya mbao. Safu ya barua, iliyoitwa Umma Wanena, ilikuwa na urefu wa inchi saba, na chini yake palikuwa na tangazo la magodoro. Godoro halikatwi. Kwa hiyo barua ikizidi inchi saba, inakatwa barua. Na ukutani juu ya kichwa chake mwanzilishi wa gazeti, Mungu amrehemu, alikuwa ameandikisha kwa rangi nyekundu kanuni ya nyumba ile: KATA KUTOKA CHINI.

Kanuni hiyo ilikuwa na akili yake. Mwandishi wa habari huweka jambo zito juu na mapambo chini, hivyo ukikata chini umekata mapambo, habari inabaki salama. Kasoro yake ni moja tu: wananchi wa nchi ile hawakuwa waandishi wa habari, walikuwa watu waliolelewa. Na mtu aliyelelewa haingii nyumba ya watu akaanza na shida zake. Hubisha hodi, husalimu, huuliza hali ya mwenye nyumba, ya mkewe, ya watoto, ya mbuzi na ya mvua. Yeye mwenyewe akiulizwa husema hajambo, hata kama amekuja na mguu wake mkononi. Hayo yote yakiisha ndipo huandika "ama baada ya salamu", akaleta lililomleta. Na lililomleta, siku zote, lilidondokea kwenye inchi ya tisa.

Kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa gazeti la Zumari lilichapisha salamu. "Mhariri, pokea salamu zisizo na idadi. Sisi huku Kisiki hatujambo, hofu na mashaka ni juu yenu." Kesho yake: "Sisi wa Mtakuja wazima wa afya, tunaendelea vyema na ujenzi wa taifa." Serikali ilifurahi mpaka ikafungua idara nzima ya kuhesabu hatujambo za gazetini. Mwaka ule zilifika asilimia tisini na nane. Waziri wa Afya akafunga hospitali tatu kwa kukosa wagonjwa gazetini. Zile asilimia mbili zilizobaki walikuwa watu wa salamu fupi, na polisi walikuwa wanawatafuta.

Bwana Hemedi hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa na barua mia mbili kwa siku na mkasi mmoja. Chini ya inchi ya saba hakuwahi kusoma, kwa sababu huko si kazi yake.

Jumatatu moja, wiki tatu kabla ya masika, akaingia dada yake.

Bi Mwatumu alimzidi Hemedi miaka kumi na mmoja, na mgongo wake ndio uliombeba. Alitoka kwao Bondeni, kijiji kilicho chini ya bwawa kuu la nchi. Alitua kikapu, akakaa bila kuambiwa kaa, akafungua gazeti la Jumamosi juu ya meza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Shemeji hajambo?"

"Hajambo. Wanao?"

"Hawajambo. Na kuku?"

"Wazima. Nazi mwaka huu zimekubali. Hemedi, umenikata."

"Mimi? Nimekukata wapi?"

"Hapa." Akaweka kidole kwenye safu. "Mimi nimeandika kurasa nne. Nikaanza kama mama alivyotufundisha. Nikamsalimu Mhariri, nikawasalimu watu wa mitambo, nikamwombea na marehemu aliyelianzisha gazeti. Halafu nikasema: bwawa lina ufa. Nyinyi mmefika kwa marehemu mkaishia. Ufa uko wapi, Hemedi?"

Ufa ulikuwa umetupwa kwenye pipa. Na pipa lile, kila Jumamosi, hupewa mama muuza maandazi wa getini kwa ajili ya kufungia. Hemedi alitoka mbio, akamuuliza yule mama, akaambiwa: karatasi ile ndefu yenye mwandiko mzuri? Ilifungia maandazi sita ya Waziri wa Mabwawa, dereva wake ndiye aliyeyafuata. Kwa hiyo Waziri mwenye dhamana alishaushika ufa kwa mikono yake miwili, ila upande wa mafuta.

Hemedi akarudi, jasho linamtoka. "Dada, ni mkubwa?"

"Mwezi wa mfungo sita ulikuwa unaingia kisu tu. Jana nimeingiza kiganja. Masika hata hodi hayajabisha."

"Sasa kwa nini hukuanza na ufa?"

"Nianze na ufa? Nimwandikie mtu mzima, Mhariri wa nchi nzima, hata hujambo hakuna, nidondoke tu, pu, bwawa lina ufa? Watu watasema binti Ngwali kalelewa na ng'ombe! Mama yetu yuko kaburini pale pale Bondeni, Hemedi. Atanisikia."

Hata hivyo alikuwa mwanamke mwenye akili, na kiganja chake kilikuwa kimeshaingia ukutani. Alirudi kijijini akawaeleza wazee kwamba gazeti linataka jambo kwanza na salamu baadaye. Wazee wakakaa siku mbili. Mmoja akasema hiyo ni sawa na kumzika mtu kabla hajafa. Mwingine akasema labda huko mjini ndivyo wanavyoishi, masikini, tuwaombee. Siku ya tatu wakakubaliana waandike salamu za mkato, za dharura, zisizozidi kurasa mbili. Barua ilipofika, Hemedi aliipima kwa rula. Ufa ulikuwa inchi ya nane na nusu. Akaipima tena, akaigeuza rula akapima kwa upande wa pili. Inchi hazina huruma.

Akaona isiwe tabu, aende serikalini mwenyewe.

Waziri wa Mabwawa, Mheshimiwa Shaweji Tindo, aliposikia kuna mtu kutoka Zumari, alisimama akafunga vifungo vya koti, na alipokosea akavifungua akafunga upya.

"Mhariri ameamkaje?"

"Ameamka salama, Mheshimiwa."

"Amelitaja jina langu?"

"Hapana."

"Hakulitaja kwa wema au hakulitaja kwa ubaya?"

Hemedi akamtuliza, akamsalimu kama inavyopasa, akauliza hali ya nyumbani na ya wizara. Chai ikaja. Chai ilipokwisha akasema lililomleta. Waziri akaenda akafunga mlango kwa ufunguo.

"Ndugu yangu, ufa huo naufahamu. Mhandisi aliniletea picha. Nikamhamishia idara ya nyuki."

"Utazibwa lini?"

"Utakapotoka gazetini. Unanielewa? Siwezi kuziba ufa ambao haupo. Nikiuziba leo, Mhariri atauliza, huyu kaambiwa na nani, kama si mimi niliyemwambia? Siku hiyohiyo niko ukurasa wa nne. Uchapisheni saa kumi na mbili asubuhi, saa moja niko pale na saruji, mwiko nashika mwenyewe. Ona." Akainama, akavuta kutoka chini ya meza jozi ya buti za mpira, mpya, karatasi ya dukani bado imening'inia. "Nimejiandaa, Hemedi. Utoeni. Nakuomba. Hata mimi nina shangazi Bondeni."

Basi kila kitu kikarudi kwenye inchi saba na mtu mmoja asiyeweza kukaa kitini.

Alhamisi iliyofuata Hemedi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Alichukua ile barua ya pili ya dada yake akaiandika upya, kichwa chini miguu juu. Akaanza hivi: "Bwawa la Bondeni lina ufa. Kiganja cha mtu mzima kinaingia. Masika yanakuja na chini yake wanalala watu elfu tatu." Ndipo akafuatisha salamu, za Mhariri, za watu wa mitambo na za marehemu. Alijiona kama aliyeingia msikitini na viatu. Lakini akapima, akaona sawa: ukikata chini, unakata salamu, ufa unabaki.

Saa kumi jioni akaitwa juu.

Ofisi ya Mhariri ilikuwa na zulia nene mpaka mtu hujisikia anazama. Bwana Mwinyigogo alikuwa ameushika ukurasa wa barua kwa vidole viwili, kama aliyeshika panya kwa mkia.

"Huyu nani?"

"Msomaji, Bwana Mkubwa. Wa Bondeni."

"Huyu si msomaji. Wasomaji wangu ninawajua, Hemedi, nimewasikiliza miaka ishirini na sita. Umma wangu ni mpole, mzima wa afya, na haunipiti bila kunisalimu. Huyu hakubisha hodi. Ameingia na ufa wake kifua mbele. Huyu ni adui, tena nadhani wa nje."

"Bwana Mkubwa, ni kweli tupu. Dada yangu mwenyewe ametia mkono..."

"Kweli!" Mhariri akapumua kwa masikitiko. "Kweli ni nyingi sana nchini humu, mwanangu. Nafasi ndiyo inchi saba. Kama kungekuwa na ufa, umma ungeniambia, na mimi ningekuwa wa kwanza kujua, na Waziri Mkuu wa pili. Umma haujaniambia. Kwa hiyo ukuta ni mzima."

Akaendelea kusoma, na kadiri alivyoshuka uso wake ukalainika. "Lakini huku chini, mbona mzuri! Tazama, anauliza hata hali ya mitambo. Anamwombea marehemu. Kumbe ana malezi, amechanganyikiwa mwanzoni tu." Akachukua kalamu nyekundu, na kwa mara ya kwanza tangu Zumari lianze kulia, akatoa amri ambayo nyumba ile haijapata kuisikia. "Kata kutoka juu."

"Bwana Mkubwa, kanuni..."

"Kanuni ni ya barua zenye adabu. Kata."

Hapo ndipo mtu angemtaka Hemedi apige meza, atupe mkasi, aseme sikati. Mungu ndiye ajuaye tungefanya nini sisi. Yeye mkono wake ulikuwa umeshazoea. Ulikata, na yeye akausimamia akiutazama, na vile vipande vya ufa vikaanguka kwenye zulia bila sauti.

Jumanne iliyofuata, kwenye chakula cha mchana, Waziri Mkuu alikuwa na furaha isiyo kifani.

"Bondeni tena! Barua mbili ndani ya mwezi, zote hatujambo."

"Umma umesema," alisema Mhariri.

"Tufanyeje?"

"Twende tukawaitikie."

Ikatangazwa Siku ya Hatujambo, kuadhimishwa kitaifa Bondeni, Jumamosi, saa nne asubuhi. Mgeni rasmi, Mhariri Mkuu. Waziri Mkuu na mawaziri wote thelathini na tisa kuhudhuria. Waziri wa Mabwawa aliomba udhuru, ana homa. Akajibiwa kwamba kwa mujibu wa takwimu hakuna mtu mwenye homa. Na kwa kuwa Hemedi Ngwali ni mzaliwa wa pale, atapewa dakika mbili kutoa salamu kwa niaba ya wananchi.

Hemedi alipopata habari hiyo alikaa kitini, na goti likatulia kwa mara ya kwanza. Dakika mbili! Maneno yenyewe hayamalizi hata pumzi moja. Wiki nzima aliyafanyia mazoezi, barabarani, bafuni, hata chakula kikiwa mdomoni: bwawa lina ufa, tokeni, bwawa lina ufa, tokeni. Mvua zikaanza Jumatano. Akampigia dada yake simu, wakasalimiana, wakaulizana kuku, akasema: "Dada, nitalisema mimi mwenyewe, kwenye kipaza sauti, serikali yote imekaa inasikia. Nyinyi anzeni kuhama."

"Mimi vyombo nimeshafunga," Bi Mwatumu akasema. "Hawa wengine hawataki. Wanasema wageni wakubwa wanakuja, wakute nyumba tupu? Aibu gani hiyo! Wanapaka kuta chokaa. Wakisikia kwenye kinywa cha serikali watahama, kwangu mimi hawasikii. Basi sema, Hemedi. Usinikate mara ya pili."

Jukwaa lilijengwa chini kabisa ya ukuta wa bwawa, kwa sababu mpiga picha wa Zumari alisema hapo nyuma panapendeza. Bango likatundikwa juu ya ufa wenyewe, likiwa na neno moja, HATUJAMBO, na pale katikati lilikuwa limelowa. Mshereheshaji aliona maji yanatiririka ukutani akasema, "Ndugu wananchi, hata bwawa linatoa machozi ya furaha!" Watu wakapiga makofi. Waziri wa Mabwawa alikuwa amekaa safu ya mbele na suti nzuri na zile buti za mpira. Hakupiga makofi. Macho yake yalikuwa kwenye bango.

Hemedi akaitwa. Akapanda, akashika kipaza sauti. Mbele yake alimwona Mhariri, miguu imepishana, na Waziri Mkuu pembeni yake. Aliwaona wazee wa Bondeni na kanzu zao zilizopigwa pasi, na katika safu ya wanawake dada yake, amesimama, kiganja kimefunika mdomo. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini angalia, alikuwa amesimama mbele ya watu wazima. Alihisi mama yake anamtazama kutoka kule makaburini, hatua hamsini tu. Akajiambia moyoni, salamu moja, moja tu, haitaua mtu.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bwana Mhariri Mkuu," akasema.

Ukishamtaja Mhariri, huwezi kumruka Waziri Mkuu. Akamtaja. Ukishamtaja Waziri Mkuu, mkewe yuko pale na kitambaa kichwani, utampitaje? Mawaziri angeweza kuwafunga fungu moja, na alitaka, Wallahi alitaka, ila Waziri wa Uvuvi alikuwa amemkazia macho, akamtaja, na wenzake wakajiweka sawa vitini wakisubiri zamu zao. Alikuwa akikimbiza majina, jasho likimwingia machoni, sauti yake ikipanda juu. Akafika kwa wazee. "Wazee wangu, shikamooni." Wazee wakaitikia, "Marahabaaa," wakaivuta kama inavyotakiwa, nusu dakika nzima.

"Ama baada ya sa..." akasema Hemedi, na mshereheshaji, aliyekuwa ameajiriwa na Zumari na kufundishwa kazi Zumari, akatazama saa yake, akaona dakika mbili zimetimia, akachomoa waya.

Midomo ya Hemedi iliendelea. Ilisema bwawa, ilisema ufa, ilisema tokeni. Hakuna aliyesikia hata herufi. Makofi yalikuwa makubwa. Bwana Mwinyigogo alitoa leso akajifuta jicho. "Umma wangu huo," alimwambia Waziri Mkuu.

Ndipo Bi Mwatumu akapanda juu ya kiti. Hakubisha hodi. Hakumtaja mgeni rasmi, hakuwaamkia wazee, hakumsalimu kiumbe yeyote.

"Bwawa linapasuka! Pandeni mlimani! Sasa hivi!"

Bondeni hakuna mtu aliyewahi kumsikia binti Ngwali akiongea bila salamu. Kilichowatia hofu ni hicho, kuliko hata bwawa. Wakajua lililomfika si dogo. Wanawake wakabeba watoto, vijana wakabeba wazee, na kijiji kizima kikaushika mlima. Waheshimiwa wao walibaki vitini, maana jambo hilo halikuwemo kwenye ratiba, mpaka Waziri wa Mabwawa aliporuka kutoka kitini na buti zake. Hapo ratiba ikavunjika. Mhariri alipandishwa mlimani mgongoni kwa mpiga picha.

Maji yalikuja baada ya robo saa. Mtu hakufa hata mmoja, na hilo halikuwa kwa juhudi za mheshimiwa yeyote. Lakini nyumba mia nne na kumi na mbili ziliondoka na chokaa yake mbichi. Msikiti uliondoka, minazi iliondoka, na makaburi nayo, likiwemo la mama yake Hemedi.

Kesho yake Zumari lilitoka na herufi kubwa kuliko zote zilizopata kutumika: SERIKALI YAFIKISHA MAJI BONDENI. Chini yake palikuwa na picha ya Waziri wa Mabwawa na buti zake, na habari kwamba amepandishwa cheo kwa kuwa wa kwanza kufika mahali pa usalama.

Watu wa Bondeni walihifadhiwa kwenye madarasa ya shule, mlimani. Hemedi akaenda. Alimkuta dada yake uani anakamua shuka.

"Shikamoo, dada."

Bi Mwatumu akakamua shuka mpaka tone la mwisho, akalianika kwenye kamba.

"Dada, shikamoo."

Akachukua shuka la pili. Shemeji yake Hemedi aliangalia pembeni. Hemedi akasimama pale mpaka miguu ikamuuma, shikamoo yake imelala chini hakuna wa kuiokota. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na jambo hilo lilikuwa halijawahi kumpata. Akaondoka.

Alhamisi gunia la barua likaja kama kawaida. Akachomoa ya kwanza, akaweka rula. "Paa limekwenda, tunalala kwenye dawati." Imeisha. Akachomoa ya pili, ya mbali huko Kisiki, wala si Bondeni: "Hospitali mliifunga. Mke wangu amejifungulia njiani, mtoto hakupona." Ya tatu, ya Mtakuja: "Daraja limeoza." Akachomoa kumi, akachomoa hamsini. Hakuna hujambo. Hakuna hofu na mashaka. Alichofanya binti Ngwali kilikuwa kimeenea nchi nzima, kwa mdomo, maana gazetini hakikutoka. Hata moja haikufika inchi tatu.

Mchana akasikia viatu. Mhariri Mkuu alikuwa ameshuka mwenyewe, na kwa kuwa hajawahi kufika ghorofa ile alikuwa ameuliza njia mara mbili. Kule juu, kwenye ngazi, foleni ilikuwa na mawaziri watatu tu, na walikuwa wanatazamana.

"Umma wangu unasemaje, Hemedi?"

"Hausalimu, Bwana Mkubwa."

Bwana Mwinyigogo akakaa kwenye kigoda cha mfagiaji. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepita mtaani kwao wakamnyamazia. "Haiwezekani. Lazima yupo mmoja. Tafuta chini kabisa, Hemedi. Hata mmoja atatutosha."

Hemedi akaingiza mkono mpaka bega. Chini kabisa ya gunia vidole vyake vikakuta bahasha moja nyembamba, na alipoitoa aliujua mwandiko kabla hajausoma, kwa sababu mwenye mwandiko huo ndiye aliyemfundisha kuandika, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko. Dada ameandika! Mtu hamwandikii mdogo wake asimsalimu. Akaifungua haraka haraka mpaka akaichana pembeni.

"Hemedi, usije tena."

"Enhe?" Mhariri akainua kichwa. "Huyo anasalimu?"

Mkono wa Hemedi, kwa mazoea, ulichukua rula ukaiweka juu ya karatasi. Nusu inchi. Akachukua mkasi, akaitazama barua kutoka juu, akaitazama kutoka chini, akaurudisha mkasi mezani.